Kijitabu Kilichokosa Mwisho

Alhamisi za gari la vitabu, Tainara hakungoja kuamshwa. Alichota maji kwenye tangi la mvua, akawakatia mbuzi wao mpungate, akajichomoa miiba vidoleni, kisha akaketi kula kuskuz ya unga wa mahindi na maziwa akiwa tayari na sare ya shule.

"Ningefurahi ungeamka hivi siku ya kufua," alisema mama yake, Bi Cleonice.

"Siku ya kufua haina vitabu, Mama."

"Ina nguo zako."

Siku nyingine Tainara angecheka. Leo alitazama sahani yake tu, kwa sababu dirishani aliliona zizi la jirani yao, Bi Socorro, na zizi lile lilikuwa tupu.

Lilikuwa tupu tangu Jumamosi. Siku hiyo Bi Socorro alikwenda mjini kwa daktari wa macho, akamwachia Tainara mbuzi wake mmoja wa pekee, jina lake Princesa, mwenye mimba kubwa. Kazi haikuwa ngumu: ampe mpungate na maji, kisha afunge lango kwa ile ndoano ya waya. Tainara alimpa chakula. Lakini mkono mmoja ulishika kitabu alichoazima, na kitabu kilikuwa kimefika patamu, kwa hiyo lango alilisukuma kwa kiuno akaenda zake akisoma. Ndoano hakuigusa. Bi Socorro aliporudi alikuta lango wazi.

"Ulifunga waya, mjukuu wangu?"

"Nilifunga, Bibi."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Na kwa kuwa waya haujifungui wenyewe, kijiji kizima cha Umburanas kiliamua siku ileile kwamba mbuzi ameibiwa. Watu walianza kuulizana nani alipita, nani alionekana. Vichakani hakwenda mtu.

Gari la vitabu lilisimama mbele ya kanisa dogo, kwenye kivuli cha ukuta. Lilikuwa gari kuukuu la njano, na mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Bi Zuleide, mkutubi, alishuka akiwa amekumbatia sanduku la karatasi. Halmashauri haikumpa fedha za michezo, naye hakukaa kulia. Kila safari alibuni shughuli isiyogharimu kitu. Mara moja watoto walitengeneza vikaragosi vya soksi zilizotoboka. Mara nyingine alificha vitendawili ndani ya vitabu, na majibu yake ndani ya vitabu vingine, watoto wakapekua rafu zote.

Safari hii ilikuwa ni zamu ya vijitabu. Unakunja karatasi moja mara tatu, unaikata katikati, unapata kurasa nane. Picha ya jalada unaichora kwa kalamu iliyokwisha wino, ukiikandamiza juu ya kile kisahani cheupe chepesi cha povu ambacho wauza nyama mjini hufungashia nyama. Unapaka masizi yaliyochanganywa na tone la mafuta ya kupikia, unalaza karatasi, unasugua kwa mgongo wa kijiko, na picha inatoka nyeusi safi.

Visahani na masizi vilitoka kwa Mzee Damásio, fundi wa kuziba masufuria. Alikuwa mtu wa peke yake, nyumba yake ya mwisho kabisa kijijini, na alizunguka vijiji vyote na gunia begani. Visahani alivikusanya nyuma ya maduka ya nyama, akavisafisha mwenyewe, na malipo hakutaka. Kusoma hakujua, lakini kusomewa alipenda.

"Sasa nisikilizeni," alisema Bi Zuleide. "Mnawakumbuka wauza vijitabu vya mashairi sokoni?"

Nani asiyewakumbuka? Walisoma kwa sauti mpaka pale ambapo kisu kimeinuliwa, halafu wakanyamaza na kujipepea kwa kofia. Aliyetaka kujua mwisho alinunua.

"Na sisi tutafanya hivyo, ila hatuuzi. Kila mmoja aandike jambo lililotokea hapa kijijini, kwa mashairi. Tutawasomea watu, tutanyamaza kabla ya mwisho. Mwisho watausikia safari ijayo, na atakayetaka kuusikia atachukua kwanza kadi ya kuazima vitabu." Kisha sauti yake ikashuka. "Wanangu, sitawaficha. Kituo kisichofikisha kadi thelathini kinafutwa. Nyie mna kumi na moja. Safari ijayo, baada ya wiki mbili, nakuja na mkaguzi."

Gari lile likiacha kuja, Umburanas ingebaki na vitabu vya shule vilivyokatika majalada, basi. Alitazama karatasi yake. Kijiji kizima kilikuwa kikizungumzia jambo moja tu, na alilijua. Akaandika. Na kadiri alivyoandika, ndivyo alivyouona mkono wa mtu mwingine ukifungua ule waya, mpaka akakaribia kuamini.

Jioni, wazazi walipokuja, vijitabu vilikuwa vimebanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyovutwa kutoka kwenye gari hadi kwenye mlango wa kanisa. Wéverton, mjukuu wa Bi Socorro, alisoma habari za mjomba wake aliyetumbukia bwawani na pikipiki, watu wakacheka. Zamu ya Tainara ilipofika, walinyamaza tangu alipotaja jina la kijitabu.

"Jua kali saa sita, njia haina mpita,
Gunia lapitapita, mkono waya wavuta,
Mbuzi naye afuata, kengele haikuita,
Mkono ule wa nani, jina lake ni la nani?"

Akafunga kijitabu. Watu wote wakasema kwa pamoja. Walitaka mwisho, walitaka kadi. Bi Zuleide hakujua alichokipalilia, maskini, alimkumbatia mtoto.

Lile gunia Tainara alilitia kwa sababu lilikaa vizuri kwenye mstari. Hakumfikiria mtu yeyote. Lakini Umburanas ni ndogo, na mtu anayepita na gunia ni mmoja.

Ijumaa dukani walisema kwa kunong'ona. Jumatatu walisema kwa sauti. Mama mmoja akakumbuka kwamba Jumamosi ile Mzee Damásio alipita, mwingine akaongeza kuwa gunia lilikuwa limevimba, wa tatu akatia chumvi kwamba alilisikia likilia. Sufuria zilizotoboka zikabaki majumbani. Watoto wa shule walimfuata nyuma wakilia "mee, mee", Wéverton akiwa mbele yao. Baba yake Wéverton aliapa dukani kwamba jina hilo likishatajwa Alhamisi, ataingia katika nyumba ya mzee yule na kuipekua mpaka chini ya kitanda.

Tainara aliyasikia yote. Usingizi ulimpaa, chakula kikamshinda. Kila asubuhi alijiambia kwamba leo atasema, na kila asubuhi alijikumbusha jambo lingine: Bi Socorro atamwonaje? Mama je? Na zile kadi? Watu walizichukua kwa ajili ya kijitabu chake. Akisema ni uongo watazirudisha, mkaguzi atafuta kituo, na hilo nalo litakuwa kosa lake.

Jumanne ya wiki ya pili mtu alipiga hodi. Alikuwa Mzee Damásio, ameshika sufuria ya Bi Cleonice aliyoichukua kabla ya maneno kuanza.

"Nimeiziba. Mpe mama."

"Karibu ndani, Mzee, Mama yuko uani."

"Siingii nyumba za watu siku hizi, mwanangu. Kisije kitu kikapotea." Alisema bila hasira, na hilo lilimchoma Tainara zaidi. Mzee aliteremsha gunia, akalifungua. "Tazama. Wewe ni msomi, utatazama vizuri kuliko wao. Kuna mbuzi humo?"

Ndani kulikuwa na nyundo, vipande vya bati, na juu yake visahani vyeupe, vimeoshwa na kupangwa.

"Vya Alhamisi," alisema. "Nikishampa Bi Zuleide, naenda kwa dada yangu, kijiji cha Pedra Lisa. Nimezeeka, siwezi kuliliwa kama mbuzi kila nipitapo."

"Unarudi lini?"

"Nirudi kufanya nini?"

Tainara alifungua kinywa. Mama yake akatokea uani akipangusa mikono, akaipokea sufuria, akashukuru kwa haraka mno, akafunga mlango. Naye pia alikuwa ameanza kuogopa gunia. Tainara alisimama nyuma ya mlango akisikia hatua za mzee zikienda, na alijichukia.

Usiku huo hakulala, lakini alipata njia. Aliandika mwisho: mwizi alikuwa mgeni kutoka mbali, mwenye lori jekundu, na hatarudi tena. Kila mtu angebaki salama. Aliusoma mara tatu akajaribu kufurahi.

Alhamisi watu waliokusanyika mbele ya kanisa walizidi wale wa sikukuu ya mtakatifu wa kijiji. Bi Zuleide aligawa kadi mpaka kalamu ikagoma. Mkaguzi, mwanamke mrefu mwenye miwani, alihesabu thelathini na nane, akaandika kwenye daftari lake, akakaa kwenye kiti alicholetewa. Bi Socorro aliketi mbele, jicho moja limefungwa bandeji. Baba yake Wéverton alisimama, mikono kifuani. Na kando ya gurudumu la gari, peke yake, alisimama Mzee Damásio na mkokoteni uliobeba godoro, jiko na gunia. Mkononi alishika visahani.

Hakuna aliyetaka kusikia ya mjomba na bwawa. "Mbuzi kwanza," walisema.

Tainara alikichukua kijitabu kwenye kamba. Alisoma ule ubeti wa zamani. Alipofika "jina lake ni la nani" aliinua macho apumue, na hapo aliona kitu kilichomkata maini: watu hawakuwa wakimtazama yeye. Walikuwa wamekwisha kugeuka, wote, kuelekea kwenye gurudumu la gari.

"Litaje basi," alisema Wéverton. "Tunalijua, tunataka tu ulitaje."

Ndipo Tainara alipoelewa. Angeweza kusoma habari za lori jekundu mpaka kesho, wangesema amemhurumia mzee. Mkokoteni ungeondoka, na jina la mwizi lingeenda nao mpaka Pedra Lisa. Aliukunja ukurasa wa mwisho.

"Mkono ule ni wangu," alisema.

"Sema kwa nguvu," mtu alidai kutoka nyuma.

"Ni wangu mimi. Hakuna aliyepita. Gunia nililitia mimi kwa sababu ya vina. Lango sikulifunga."

Bi Cleonice alisimama. "Tainara, unasema nini?"

"Nilidanganya, Mama. Nilimwambia Bibi nilifunga, na sikufunga. Nilikuwa nasoma, nikalisukuma tu kwa kiuno. Mzee Damásio hajafanya lolote."

Minong'ono ilipanda. Baba yake Wéverton alisema mtoto amepewa kitu aseme hivyo, lakini Bi Socorro aliinua mkono, wakanyamaza.

"Njoo hapa karibu, nikuone kwa hili jicho zima," alisema. "Ulifunga, au hukufunga?"

"Sikufunga, Bibi."

"Kwa hiyo mbuzi wangu alitoka mwenyewe."

"Ndiyo, Bibi."

Tainara alitamani Bibi amtukane, amalize.

"Siku kumi na tisa," alisema Bi Socorro. "Siku kumi na tisa tunamtafuta mwizi. Mbuzi hatujamtafuta hata siku moja. Na alikuwa wa kuzaa."

Watu walitazama chini.

Aliyeondoka kwanza ni Mzee Damásio. Aliviweka visahani kwenye ngazi ya gari, akaacha mkokoteni pale pale. "Mbuzi wa kuzaa hutafuta maji na paa," alisema. "Maji yamebaki kwenye kile kizuizi cha mto cha zamani tu. Na paa liko karibu nacho, lile banda la kusagia mihogo lililoachwa. Twendeni."

Walikwenda zaidi ya nusu ya waliokuwepo, na Tainara mbele, miiba ikimpasua miguu. Huko bondeni walisambaa wakiita. Vichaka vilikuwa vikavu, vya kijivu, na kila jiwe jeupe lilionekana mbuzi kwa mbali. Baada ya saa nzima baba yake Wéverton alitema mate akasema wanajisumbua, wanyama wa porini wamekwisha kumla.

"Nyamazeni," alisema Mzee Damásio. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Kengele ile niliifua mimi. Ina ufa, inalia kama kijiko kwenye kikombe. Kule."

Wengine hawakusikia kitu, lakini walimfuata. Nyuma ya tanuri lililobomoka la lile banda, Princesa alisimama amekonda mbavu zikihesabika, na chini ya tumbo lake mwanambuzi mweusi alikuwa ananyonya. Pembeni, kwenye majivu ya zamani, alilala mwingine aliyekufa siku nyingi.

Tainara alipiga magoti karibu na yule aliyekufa akalia. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Wéverton akavua shati lake, yeye na Tainara wakamfunika nalo mwanambuzi yule, wakamzika hapo hapo. Baba yake alimbeba aliye hai mpaka kijijini. Njiani alisogea kwa Mzee Damásio, akavua kofia, akasema kwa shida, "Mzee, nilikukosea."

"Ulinikosea," alijibu mzee. Hakuongeza, wala hakupunguza.

Mbele ya kanisa mkaguzi alikuwa bado yupo. Bi Zuleide alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari, uso umemwiva kwa aibu, maana shughuli ile aliileta yeye. Alisimama mbele ya watu wote.

"Mlichukua kadi kwa ajili ya mwisho ambao haukuwa wa kweli," alisema. "Anayetaka kurudisha, arudishe. Sitamlaumu."

Kadi mbili zilirudishwa. Mkaguzi alizifuta kwenye daftari lake, akahesabu upya bila haraka. "Thelathini na sita," alisema. "Kituo kinabaki."

Bi Cleonice alimshika binti yake begani. Alikuwa amekasirika na hakuficha. "Kuanzia kesho, zizi la Bi Socorro ni lako, asubuhi na jioni, mpaka huyo mdogo aache kunyonya. Na kitabu hakikanyagi zizini."

"Ndiyo, Mama." Kisha Tainara akamwendea Mzee Damásio, aliyekuwa anakaza kamba ya mkokoteni. "Mzee, nisamehe. Nilitaka kusema siku ile mlangoni. Niliogopa."

"Niliona kwamba unaogopa. Sikujua unaogopa nini." Alikaa kwenye ukingo wa mkokoteni, magoti yakilia. "Sikiliza, mwanangu. Nikiwa kijana, sokoni nilisimama jua zima kusikiliza wale wauza vijitabu. Kunyamaza kabla ya mwisho ni ufundi mtamu, kwa sababu yule anayening'inia pale kwenye kisu ni mtu wa karatasi, haumii. Mtu wa kweli ukimning'iniza siku moja, anaumia siku moja. Ukimning'iniza siku kumi na nne, anafunga godoro. Ukweli ukiwa nao, useme mapema. Ungeusema Jumamosi ile, ungegombezwa mpaka chakula cha jioni, na wanambuzi wangekuwa wawili."

Tainara hakujitetea. Alichukua kisahani kimoja na kalamu iliyokwisha wino, akaketi chini, akachora lango na ndoano inayoning'inia peke yake. Bi Zuleide alimpa masizi na kijiko. Alikunja karatasi, akaandika upya toka mwanzo, na safari hii jalada lilibeba jina lake mwenyewe. Kilipokauka alikibana kwenye kamba.

Mzee Damásio alikitazama. Kisha aliteremsha godoro kwenye mkokoteni, akaliegemeza ukutani, akakalia. Akanyoosha mkono, akakibandua kijitabu na kumpa Tainara.

"Nisomee," alisema. "Anza na mwisho."